Safari ya Lushoto: Haki, Wajibu na Tahadhari za Mgeni Aendaye Mlimani

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze:

(a) kupanga safari ya kwenda Lushoto kwa kuzingatia majira, barabara na usalama wake;
(b) kuzitambua haki zake akiwa abiria, mpangaji wa chumba, mtalii na mnunuzi;
(c) kutunza ushahidi wa malipo na wa makubaliano, na
(d) kujua mahali pa kupeleka malalamiko endapo atatendewa isivyo haki.

1. Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii huelezea vyema uhusiano uliopo kati ya mji mdogo wa milimani na watu wanaoutembelea. Mgeni huja na fedha. Mwenyeji hutoa chakula, kitanda, usafiri na uongozi wa njia. Kupona huko hutimia pale tu kila upande unapopata stahiki yake. Mgeni akipunjwa, hasara haimwishii yeye. Hatarudi tena, atawaonya jamaa na marafiki, na mwenyeji mwaminifu aishiye mtaa wa pili atakosa riziki kwa kosa asilolitenda. Kwa sababu hiyo, mgeni anayedai haki yake kwa adabu huwalinda pia wale wanaofanya biashara kwa uadilifu.

Somo hili limeuchagua mji wa Lushoto, mkoani Tanga, kuwa mfano. Mengi yatakayoelezwa hapa yatamfaa pia msafiri anayekwenda katika miji mingine ya milimani, kwa kuwa matatizo ya barabara za kona, malipo ya awali ya vyumba na waongozaji wasiotambulika hufanana popote penye mlima na wageni.

2. Mji na mahali pake

Lushoto umo katika Milima ya Usambara Magharibi, kwenye kimo cha takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Milima hiyo ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa katika nyanda za kusini za Tanzania. Wenyeji wa asili ni Wasambaa, ambao kabla ya ukoloni waliishi chini ya utawala wa Wakilindi, makao yao makuu yakiwa Vuga. Mtawala wao mashuhuri, Kimweri ye Nyumbai, alifariki mwaka 1862. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliiandika kwa Kiswahili historia ya utawala huo katika kitabu chake Habari za Wakilindi.

Wajerumani walipoitawala nchi, hali ya hewa ya ubaridi iliwavutia, wakajenga hapo kituo cha utawala na kukiita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Baada ya kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jina hilo liliondoka nao, na mji ukabaki kuitwa Lushoto. Baadhi ya majengo ya zama hizo yangali yakitumika hadi leo. Mgeni apendaye historia akumbuke kwamba jengo la kale lenye ofisi au makazi ya watu si makumbusho: hupigwa hodi, huombwa ruhusa, na kukataliwa si kosa la mwenyeji.

Mji ni mdogo na unaweza kuzungukwa kwa miguu. Upo soko, stendi ya mabasi, benki, mawakala wa fedha za simu na hospitali ya wilaya. Vivutio vingi, hata hivyo, vimo nje ya mji: maporomoko ya Soni, ukingo wa Irente unaotazama tambarare za chini, na Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba. Kila kimoja huhitaji usafiri au mwendo wa miguu, na hapo ndipo gharama zisizotarajiwa huanzia.

3. Wakati unaofaa kusafiri

Msafiri aulize kwanza majira, ndipo aulize nauli. Mvua za masika hunyesha kati ya mwezi Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katika vipindi hivyo njia za udongo za vijijini huteleza, na kingo za barabara ya mlimani huweza kuporomosha mawe na matope. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa mikavu zaidi, lakini ndiyo yenye baridi kali. Mgeni atokaye Dar es Salaam au Mombasa akiwa na shati jepesi peke yake hulazimika kununua sweta siku ya kwanza, tena kwa bei ya mtu anayetetemeka.

Masharti ya kuahirisha safari yana uhusiano wa moja kwa moja na majira. Anayeweka nafasi ya chumba kwa mwezi Aprili aulize mapema: barabara ikifungwa kwa maporomoko, fedha zitarudishwa, au tarehe itasogezwa? Jibu lipatikane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

4. Usafiri: kutoka tambarare hadi mlimani

Safari ya Lushoto ina sehemu mbili zisizofanana, na kila moja ina tahadhari zake.

Sehemu ya kwanza ni ya tambarare, hadi Mombo. Abiria atokaye Dar es Salaam hupita Chalinze, Segera na Korogwe. Atokaye Arusha hupita Moshi na Same. Atokaye Mombasa huvuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro, akaingia Tanga, kisha Muheza, Segera na Korogwe. Njia zote hukutana Mombo, mji mdogo wenye joto ulio chini ya mlima.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hutangaza nauli kikomo, yaani kiwango cha juu ambacho mtoa huduma haruhusiwi kukivuka katika njia husika, kwa kufuata daraja la basi. Mtoa huduma anaweza kutoza pungufu ya hapo. Hawezi kutoza zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la abiria liwe, "Basi hili ni la daraja gani?" Baadhi ya wapiga debe huuza tiketi kwa nauli ya daraja la juu, ilhali basi linalofika ni la daraja la kawaida.

Kabla ya kuondoka dirishani, abiria aisome tiketi yake. Ahakikishe imeonesha jina lake, jina la mtoa huduma, namba ya usajili wa basi, namba ya kiti, tarehe, mahali pa kuanzia, mahali pa kuishia na kiasi halisi alicholipa. Tiketi mtandao ni bora kuliko karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa kumbukumbu yake hubaki hata karatasi ikipotea. Mzigo unaowekwa kwenye buti uwe na lebo au stakabadhi.

Jambo linalostahili mkazo ni mahali pa kuishia. Abiria aliyelipa nauli hadi Lushoto anastahili kufikishwa Lushoto. Wapo madereva ambao, wakiona abiria waliobaki ni wachache, huwashusha Mombo na kuwaambia wapande gari lingine. Huko ni kukatisha safari, na ni kosa. Abiria adai gari mbadala lililolipiwa na mtoa huduma, au arejeshewe sehemu ya nauli isiyotumika. Tiketi iliyoandikwa "Lushoto" ndiyo silaha yake. Tiketi iliyoandikwa "Mombo" humnyima hoja, hata kama mdomoni aliahidiwa vingine.

Sehemu ya pili ni ya kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takribani kilomita 33 za barabara ya lami inayopitia Soni. Katika umbali huo mfupi gari hupanda karibu mita 1,000. Barabara ni nyembamba, ina kona nyingi, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Haitaki haraka, na msafiri asione haya kusema hivyo.

Abiria wa basi dogo, haisi au gari la kukodi azingatie yafuatayo:

(i) Asipande gari lililozidisha abiria. Mlimani uzito wa ziada huathiri breki wakati wa kushuka kuliko injini wakati wa kupanda.
(ii) Afunge mkanda wa kiti endapo upo, na auulizie endapo haupo.
(iii) Dereva akikimbiza gari, akizungumza na simu au akipita gari jingine kwenye kona, abiria amkanye kwa utulivu. Asiposikia, taarifa itolewe kwa askari wa usalama barabarani au kwa mamlaka, ikiwa na namba ya gari, mahali na saa.
(iv) Inapowezekana, sehemu hii isafiriwe mchana. Msafiri apange kufika Mombo kabla ya saa 10 jioni, ili kuchelewa kidogo kusimwingize gizani.

Anayetumia pikipiki ahakikishe amepewa kofia ngumu na kwamba ni abiria peke yake. Mtindo wa kubeba abiria wawili au watatu, maarufu kwa jina la mishikaki, ni hatari mjini. Kwenye mteremko wa Soni ni hatari maradufu. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, na itajwe kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi.

Anayeendesha gari lake akague breki na matairi akiwa bado tambarare. Wakati wa kushuka atumie gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Kuachia gia huru kwa nia ya kuokoa mafuta huziachia breki mzigo wote. Hupata moto, zikakosa nguvu pale hasa zinapohitajika.

5. Malazi: fedha isitangulie uhakika

Malazi ya Lushoto ni ya namna nyingi, kuanzia nyumba za wageni za gharama nafuu karibu na stendi hadi hoteli zilizozungukwa na bustani nje ya mji. Wenye nyumba wengi huomba malipo ya awali, na ombi hilo ni halali. Kosa ni kulipa bila kujua anayelipwa ni nani.

Mwandishi wa somo hili aliwahi kulipa ada ya shule hiyo. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kabla ya kuajiriwa katika kazi ya udhibiti, alikwenda na wenzake wawili katika mji mmoja wa milimani. Waliweka nafasi ya vyumba kwa simu na kutuma shilingi 120,000, gharama yote ya siku tatu, kwa namba binafsi waliyopewa na mtu aliyejitambulisha kuwa meneja. Walifika saa 2 usiku, mvua ya rasharasha ikinyesha. Mama aliyekuwa mapokezi aliwatazama kwa huruma, akafungua daftari, akalipekua mara mbili. Majina yao hayakuwamo. Mtu yule alikuwa dalali asiye na uhusiano wowote na nyumba ile, na simu yake haikupokelewa tena. Walipotaka kupeleka malalamiko, ikadhihirika kwamba ujumbe wa malipo ulikwisha kufutwa ili kupata nafasi ya picha. Hawakuwa na jina, tarehe wala kumbukumbu namba ya muamala. Mama yule aliwapa chumba kimoja kwa bei ya nusu, wakalala watatu. Fedha zao hazikurudi.

Methali isemayo "Mali bila daftari hupotea bila habari" huwahusu wafanyabiashara, lakini mkasa huu unaonesha kwamba humhusu mteja vilevile. Mafunzo yake ni matano:

Kwanza, thibitisha nafasi kwa njia ya pili. Namba ikitoka kwa mtu, itafute namba ya nyumba yenyewe kutoka chanzo kingine na upige kuuliza kama mtu huyo anafahamika.

Pili, lipa kwa Lipa Namba au akaunti iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalojitokeza kwenye simu. Likiwa la mtu usiyemjua, simamisha malipo na uulize.

Tatu, toa sehemu tu ya gharama. Malipo yaliyobaki ndiyo yanayomkumbusha mtoa huduma kwamba unakuja.

Nne, pata kwa maandishi mambo manne: idadi ya usiku, bei ya kila usiku, kilichomo ndani ya bei hiyo, na masharti ya kughairi. Katika mji wa baridi, "kilichomo" kijumuishe maji ya moto na blanketi la ziada. Kifungua kinywa kitajwe kama kimo au la.

Tano, usifute ujumbe wa malipo hadi utakaporudi nyumbani. Ukihofia simu kupotea, mtumie ndugu yako nakala.

Unapoondoka, dai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) kwa kila huduma inayostahili kutolewa. Kutoa risiti ni wajibu wa muuzaji, na kuidai ni wajibu wa mnunuzi. Risiti yenye kiasi pungufu ya ulicholipa si risiti sahihi. Irudishe papo hapo.

6. Matembezi ya msituni na kwenye kingo za milima

Wageni wengi hufika Lushoto kwa ajili ya kutembea. Msitu wa Magamba ni makazi ya mbega na ndege wengi, na baadhi ya mimea yake haipatikani kwingine isipokuwa katika Tao la Mashariki. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo leo hupandwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu ya ukanda huu. Limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya mwaka 1892. Mgeni asing'oe mmea wala kuchukua mbegu kutoka hifadhini. Akiuziwa mche njiani, aulize ulikootoka.

Hifadhi husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Viingilio vya raia na vya wageni kutoka nje hutofautiana, hivyo raia abebe kitambulisho. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na ofisi husika. Mtu anayeomba kiingilio cha hifadhi mkononi, njiani, bila kumbukumbu namba na bila stakabadhi, asilipwe. Mgeni amwombe waongozane hadi ofisini. Aliye halali atakubali.

Kuhusu waongozaji, hali ni kama ifuatavyo. Wapo waongozaji wenyeji waliosajiliwa, wenye kitambulisho na ujuzi wa njia, historia na lugha. Wapo pia vijana wanaomsubiri mgeni stendi na kujiita waongozaji kwa kuwa tu wamezaliwa hapo. Kijana huyo huenda ni mwema, lakini mgeni akianguka au akipotea, hakuna ofisi itakayojibu. Mgeni aombe kuona kitambulisho na kujua ofisi ya mwongozaji kabla ya kuzungumzia bei.

Bei nayo ipatanwe kwa maneno kamili. Tuchukue mfano. Wageni wanne wameambiwa kwamba matembezi ya siku moja ni shilingi 30,000. Wao wameelewa ni kwa kundi; mwongozaji alikusudia kwa kila mtu. Jioni inadaiwa shilingi 120,000. Tofauti ya shilingi 90,000, na ugomvi unaoandamana nayo, imeletwa na maneno mawili yaliyokosekana: "kila mtu" au "kundi zima". Huenda hakuna aliyedanganya, lakini wote wanne wataondoka wakiamini wameibiwa, na mwongozaji ataamini amedhulumiwa jasho lake. Kiasi kilichotumika hapa ni cha mfano tu. Kinachotakiwa kukumbukwa ni maswali yafuatayo:

- Bei ni ya mtu au ya kundi?
- Kiingilio cha hifadhi au cha kijiji kimo?
- Chakula na maji vimo?
- Usafiri wa kurudi umo?
- Matembezi yatachukua saa ngapi, na mvua ikinyesha itakuwaje?

Ukingo wa Irente unahitaji tahadhari ya pekee. Ni mwamba ulio wazi, na chini yake ni mamia ya mita hadi tambarare. Watoto washikwe mikono, na mtu asirudi kinyumenyume akitafuta nafasi nzuri ya picha. Baada ya mvua mwamba huteleza. Ukungu nao huja ghafla. Ukija, kaa mbali na ukingo na usubiri.

Picha za watu zipigwe kwa ridhaa. Mama aliyebeba mzigo wa majani kichwani yuko kazini, na uso wake ni mali yake. Salamu itangulie. Mgeni aliyesema "Shikamoo" kwa mzee na kuomba ruhusa hukataliwa mara chache, na akikataliwa anashukuru na kupita.

7. Sokoni: fungu, sado na kilo

Milima ya Usambara ni ghala la mboga na matunda. Katika soko la Lushoto, kwa msimu wake, mgeni atakuta mapeasi, plamu, fyulisi, karoti, kabichi, viazi na njegere. Vijijini, siku za gulio hutofautiana, hivyo mwenyeji wake aulizwe mapema.

Bidhaa nyingi huuzwa kwa fungu au kwa chombo kama vile sado na debe. Fungu si kipimo, ni makadirio. Mnunuzi anaruhusiwa kulitazama, kuligeuza na kuuliza yaliyomo chini. Anayenunua kiasi kikubwa adai kupimiwa kwa mizani. Mizani ianze kwenye sifuri kabla ya bidhaa kuwekwa, iwe imesimama mahali tambarare, na iwe na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo (WMA).

Mgeni asishiriki ununuzi wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kilemba juu. Ufungashaji huo umepigwa marufuku, na anayeumia ni mkulima: huuza uzito wa gunia moja na zaidi kwa bei ya gunia moja. Anayepakia magunia ya viazi kwenye gari lake kwa ajili ya kuuza Dar es Salaam au Tanga akumbuke kwamba unafuu alioupata umetoka mfukoni mwa mtu aliyelima kwenye mteremko kwa jembe la mkono.

Kwa vyakula vilivyosindikwa, kama vile jibini, jemu na asali, soma lebo: jina la mtengenezaji, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Jibini lililokaa vizuri katika baridi ya mlimani haliwezi kuvumilia saa kadhaa ndani ya basi linalopita Mombo na Korogwe. Likiharibika njiani, kosa si la muuzaji aliyekuonya; uliza namna ya kulihifadhi kabla ya kulipa.

8. Ukitendewa isivyo haki

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na mtoa huduma mwenyewe, kwa utulivu, ukitaja kilichokubaliwa, kilichotokea na unachodai. Malalamiko mengi humalizika hapo, hasa mteja akiwa na risiti mkononi.

Hatua ya pili ni kuandika. Siku hiyohiyo, andika tarehe, saa, mahali, majina, namba ya gari au ya simu, na kiasi. Piga picha ya tiketi, risiti na ujumbe wa malipo.

Hatua ya tatu ni kupeleka malalamiko mahali panapohusika:

- Nauli, tiketi, kukatishwa safari na mwendo wa basi: LATRA.
- Matangazo ya kupotosha na mwenendo wa udanganyifu katika biashara: Tume ya Ushindani (FCC), kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.
- Mizani na ufungashaji: Wakala wa Vipimo.
- Ubora wa bidhaa zilizosindikwa: Shirika la Viwango Tanzania (TBS).
- Kunyimwa risiti: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).
- Viingilio vya hifadhi ya msitu: ofisi ya TFS.
- Wizi, utapeli wa fedha kwa simu, ajali na vitisho: Kituo cha Polisi kilicho karibu. Katika utapeli wa simu, mtandao husika ujulishwe mara moja, kwa kuwa kila dakika inayopita humpa tapeli nafasi ya kuzitoa fedha.

Usione kwamba kiasi ni kidogo mno kulalamikia. Shilingi 2,000 zilizozidishwa kwenye nauli ya mtu mmoja ni ndogo. Kwa abiria wa basi zima, kila siku, si ndogo tena.

9. Muhtasari

Msafiri wa Lushoto aangalie majira, apande mlima mchana, asome tiketi yake hadi mahali pa kuishia, asilipe chumba kwa mtu asiyethibitishwa, apatane bei kwa maneno kamili, apime kwa mizani, na atunze ushahidi. Naye awe mteja mwema: atimize alichoahidi kulipa, aheshimu watu na msitu, na asifurahie unafuu unaotokana na dhuluma.

10. Maswali ya kujipima

1. Nauli kikomo ni nini? Je, mtoa huduma anaruhusiwa kutoza pungufu yake?
2. Tiketi yako imeandikwa "Lushoto", na basi limekushusha Mombo saa 11 jioni. Eleza haki zako na hatua utakazochukua.
3. Taja mambo manne yanayopaswa kupatikana kwa maandishi kabla ya kulipia chumba.
4. Kwa nini dereva anayeshuka mlima hapaswi kuachia gia huru?
5. Lumbesa humwumiza nani, na kwa namna gani?
6. Zoezi la nyumbani: Ukiwa na mwenzako, igizeni mapatano kati ya mgeni na mwongozaji. Mgeni aulize maswali yote matano ya sehemu ya 6. Kisha badilishaneni nafasi, ili kila mmoja aonje hali ya kuulizwa.